Miji minane kwa usiku 12? Jinsi ya kuipanga upya ziara ya kaskazini mwa India

Swali la msomaji: Tuko sita kutoka Morogoro, wawili wamevuka miaka 65. Tunataka kwenda kaskazini mwa India, si kwa matibabu wala biashara, bali kuona utamaduni wa miji ya kale na vijiji. Wakala ametupa ratiba ya usiku 12: Delhi, Amritsar, Rishikesh, Varanasi, Agra, Jaipur, Jodhpur na Udaipur. Bei ni nafuu mno na mwongozaji yumo. Je, tuikubali? Twende Desemba au Februari? Na hiyo “ziara ya kijiji” aliyoiandika bila jina la kijiji ni kitu gani?

Jibu: Dada, ratiba hiyo msiikubali. Miji minane kwa usiku 12 ni usiku mmoja na nusu kwa kila mji, na mchana wenyewe utaishia njiani. Delhi hadi Amritsar kwa treni ya Shatabdi ni kama saa 6. Agra hadi Jaipur ni kilomita 240 hivi, saa 5 za gari bila kusimama popote. Mtarudi na picha za milango ya hoteli.

Bei nayo mwitazame kwa makini. Inapokuwa chini kuliko gharama ya kweli ya vyumba, gari na dereva, ujue pengo linazibwa na mwenye duka. Mwongozaji asiyelipwa vizuri na wageni hulipwa kamisheni na maduka ya marumaru ya Agra, ya vito na mazulia ya Jaipur, na ya hariri ya Varanasi. Kamisheni hiyo huongezwa kwenye bei mnayotajiwa, na kila duka hula saa nzima au zaidi ya siku yenu. Ndiyo maana ratiba ya namna hii huwa na miji mingi: kila mji una duka lake. Mwongozaji mlipeni nyinyi wenyewe, kwa siku, na iandikwe kwamba maduka hayamo isipokuwa mkiomba. Mkishafanya hivyo, ziara inakuwa yenu.

Tunashauri miji minne: Delhi usiku 3, Jaipur 4, Agra 2, Varanasi 3. Hesabu ni ile ile ya usiku 12, na njia haikurudishi nyuma. Fikeni Delhi siku ya Jumanne. Siku tumezipanga kwa sababu: Ngome Nyekundu ya Delhi hufungwa Jumatatu, Taj Mahal ya Agra hufungwa Ijumaa, na jumba la makumbusho la Sarnath, mahali pa kale pa Wabudha karibu na Varanasi, nalo hufungwa Ijumaa. Mkifika Jumanne, Ijumaa mnahamia Jaipur, Jumanne inayofuata mnakwenda Agra kwa gari, Jumatano alfajiri mnaingia Taj, Alhamisi mnapanda treni ya Varanasi, Jumamosi mnakwenda Sarnath, na Jumapili mnaruka hadi Delhi kwa ndege ya saa moja na nusu. Wageni wengi hugundua habari ya Ijumaa wakiwa wamesimama mbele ya lango lililofungwa, kesho yake wana treni.

Kati ya Desemba na Februari, chagueni Februari, hasa katikati yake. Kuanzia mwisho wa Desemba hadi Januari ukungu mzito hutanda bonde la mto Ganga, dereva wa treni haoni ishara za reli, na treni ya Varanasi inaweza kuchelewa kwa saa nyingi. Ndege za asubuhi nazo hukwama. Novemba ina tatizo jingine, moshi wa Delhi, ambao kwa wazee wenu utaumiza vifua. Februari asubuhi bado kuna baridi ya sweta, mchana ni jua la kupendeza.

Delhi

Siku ya kwanza msihangaike. Pumzikeni, kisha jioni nendeni Gurdwara Bangla Sahib, hekalu la Masingasinga katikati ya jiji. Vueni viatu, osheni miguu, funikeni kichwa wote, wanaume kwa wanawake, na msiingie na tumbaku. Ndani kuna langar, jiko la bure kwa mtu yeyote wa dini yoyote: mnakaa chini kwa mstari, mnapewa dengu, mboga na roti. Roti hupokewa kwa mikono miwili, si mmoja. Ombeni kusaidia jikoni, maana kusukuma roti pamoja na watu wa pale kutawapa mazungumzo ambayo hakuna tiketi inayoyanunua. Aliyewahi kusimama Makindu, kwenye barabara ya Nairobi na Mombasa, atalitambua jambo hili mara moja. Gurdwara ile ya Kenya ilijengwa na Masingasinga wa reli, na wengi wa vibarua waliojenga Reli ya Uganda kuanzia 1896 walitoka Punjab. Kwa hiyo kuiacha Amritsar, mji mtakatifu wa Masingasinga huko Punjab, safari hii si hasara kubwa kama mnavyodhani.

Siku ya Jumatano mchukueni mwongozaji kwa siku nzima ya Delhi ya kale: Jama Masjid, msikiti uliojengwa na mfalme Shah Jahan kati ya 1650 na 1656, vichochoro vya Chandni Chowk, soko la viungo la Khari Baoli. Mwombeni pia awaonyeshe, karibu na lango la Turkman, kaburi linalosemekana kuwa la Razia Sultan, mwanamke aliyetawala Delhi kuanzia 1236 hadi 1240. Mmoja wa maofisa wake wakuu alikuwa Jamal-ud-Din Yaqut, Mhabeshi, na wakuu wa Kituruki walichukizwa sana kwamba Mwafrika amepandishwa cheo kile. Waongozaji wengi huipita habari hii kwa sababu hawajui kama inamhusu mgeni aliye mbele yao. Waambieni inawahusu. Na Ibn Battuta, msafiri yule aliyeiona Kilwa mwaka 1331 na kuisifu, miaka michache baadaye alikuwa kadhi wa Delhi chini ya Sultani Muhammad bin Tughluq. Magofu ya Tughlaqabad, ngome aliyoijenga baba yake sultani huyo, yako kusini mwa jiji na hayana msongamano.

Alhamisi jioni ni ya kwawali, nyimbo za ibada za Kisufi, katika kaburi la Nizamuddin Auliya, walii aliyefariki 1325. Kichochoro cha kuingia ni chembamba na kina wauza waridi wanaowalazimisha wageni kuacha viatu kwao kwa pesa. Bebeni mfuko, wekeni viatu vyenu ndani yake, mpite. Wanawake hawaingii chumba cha kaburi lenyewe, lakini uani wanakaa. Fikeni kabla ya magharibi mpate pa kukaa, kisha tulieni. Mshairi Amir Khusrau, anayehesabiwa baba wa kwawali, amezikwa hatua chache kutoka hapo.

Kama kundi lenu lina Waislamu, Ijumaa swalini Jama Masjid kwanza, ndipo mwondoke na gari. Jaipur iko kama kilomita 280; mtafika usiku wa mapema.

Jaipur, na kijiji chenye jina

Mji wa Jaipur ulianzishwa na Sawai Jai Singh II mwaka 1727, na barabara zake zilipimwa kwa mistari iliyonyooka tangu siku ya kwanza. Jantar Mantar, uwanja wake wa kupimia nyota, usiende bila mwongozaji. Bila maelezo mtaona ngazi za mawe tu. Akiwapo, atawaonyesha kivuli cha Samrat Yantra, saa ya jua yenye urefu wa mita 27, kikitembea mbele ya macho yenu. Ngome ya Amber iko kilomita 11 nje ya mji, juu kilimani. Wazee wapande gari la jeep, tembo waacheni: mteremko ni wa mawe na wanyama wale hubebeshwa wageni kutwa.

Sasa kijiji. “Ziara ya kijiji” isiyo na jina kwa kawaida ni ua uliopangwa kando ya barabara kuu, mwanamke mmoja akisaga unga, mzee akifunga kilemba, na mwisho wake meza ya bidhaa. Kijiji cha kweli kina jina, kina kazi inayofanyika hata mgeni asipokuja, na kina mtu anayewasubiri mkaielewe kazi hiyo. Kwa njia yenu hiyo ni Bagru, kilomita 30 hivi magharibi mwa Jaipur, kitovu cha ukoo wa Chhipa, wachapaji wa vitambaa kwa mihuri ya mbao. Nendeni Jumatatu, siku ya kazi.

Nusu saa tu Bagru haitoshi. Ombeni kufuata kitambaa kimoja kutoka mwanzo. Kwanza hufuliwa kuondoa wanga, kisha huloweshwa katika maji ya unga wa tunda liitwalo harda, kikatoka na rangi ya manjano hafifu. Usiruke hatua hiyo, maana harda ndiyo inayokutana na chuma baadaye na kuzaa weusi. Rangi nyeusi yenyewe ni vyuma chakavu, mara nyingi viatu vya chuma vya farasi vilivyochakaa, vilivyovundikwa ndani ya maji na sukari guru kwa siku nyingi hadi maji yatoe povu. Nyekundu huanza kama shabu iliyokorogwa na gundi. Ikichapwa haionekani sana, hujitokeza kitambaa kinapochemshwa.

Meza ya kuchapia ni ndefu, imetandikwa tabaka za gunia ili muhuri uzame kidogo. Ua moja linaweza kuhitaji mihuri mitatu: mmoja wa usuli, mmoja wa mstari, mmoja wa kujazia. Mchapaji huuchovya, huulinganisha kwa alama ndogo pembeni, hupiga mgongoni mwa muhuri kwa ngumi, huinua, husogea. Angalieni pale mihuri miwili inapokutana: kazi ya mkono huacha mpishano wa unywele mmoja. Kitambaa kisicho na kosa hata moja kimetoka kiwandani, hata muuzaji aape.

Kisha dabu, tope la kuzuia rangi. Ni udongo mweusi wa bwawani, chokaa, gundi, na unga wa ngano ulioliwa na wadudu. Hupigwa kwa muhuri juu ya sehemu zisizotakiwa kuguswa, hunyunyiziwa vumbi la mbao ili lisishikane, hukaushwa juani, ndipo kitambaa hushushwa ndani ya pipa la nili. Hapa msogee karibu. Kitambaa hutoka kikiwa kijani, kama mboga iliyochemshwa, na ndani ya dakika chache hewa hukigeuza buluu mbele yenu. Wakitaka buluu iliyokoza, hurudia. Tope likikauka vibaya hupasuka na nili huingia katika nyufa. Ndiyo mishipa midogo mnayoiona katika kitambaa cha dabu. Kazi hii hutegemea jua, kwa hiyo anayekwenda wakati wa masika ya Julai na Agosti hukuta mapipa yamelala.

Masikio nayo yatafaidi. Kuchapa wanakuita chhapai, nili ni nil, sukari guru ni gur. Maneno haya yalivuka bahari zamani pamoja na vitambaa, na mpaka leo kanga nyingi tunazovaa zinachapwa India. Mtu wa Morogoro na mchapaji wa Bagru wana mengi ya kuulizana. Pelekeni kanga moja na jina lake, mmwonyeshe.

Kununua kwa mchapaji mwenyewe ni haki na ni vizuri, ila lipeni baada ya kuona kazi, na waulize kitambaa kifuliwe vipi. Nili hutoa rangi mara mbili tatu za mwanzo. Kifueni peke yake kwa maji baridi. Watoto msiwape peremende wala pesa. Kupiga picha, ombeni kwanza, na wanawake waliofunika uso kwa mtandio waacheni.

Mjini Jaipur jihadharini na jambo moja tu kubwa: kijana mwenye urafiki wa haraka anayewapa mpango wa kubeba vito hadi kwenu ili mviuze kwa faida. Ni utapeli wa miaka mingi, na vito ni vya thamani ndogo.

Njia ya Agra

Msiende moja kwa moja. Mwagizeni dereva apite Abhaneri, kijiji chenye Chand Baori, kisima cha ngazi chenye ngazi kama 3,500 katika ghorofa 13, kilichochimbwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kushuka hadi chini hakuruhusiwi tena, jambo linalowafaa wazee wenu: kila kitu kinaonekana kutoka ukingoni. Katika nchi ya ukame ngazi zile zilimwezesha mtu kuyafuata maji kadiri yalivyopungua. Baadaye njiani kuna Fatehpur Sikri, mji mkuu wa mfalme Akbar kuanzia 1571 hadi 1585. Kama wazee wamechoka, urukeni.

Taj Mahal hufunguliwa nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Mgeni hulipa rupia 1,100, na 200 zaidi kuingia kaburini. Nunueni kwenye mtandao rasmi, na kila mtu awe na pasipoti. Tiketi ni ya kukaa ndani kwa muda wa saa 3. Magari hayakaribii, kuna vigari vya umeme kutoka maegesho, wapandisheni wazee. Chakula, tumbaku, viberiti na mifuko mikubwa havipiti ukaguzi, na foleni huvurugika kwa mtu mmoja aliyebeba biskuti. Kabla ya kukimbilia picha, simameni mbele ya lango kuu msome: ni Sura ya al-Fajr, na herufi za juu zimechongwa kubwa zaidi ili kutoka chini zionekane sawa na za chini. Jioni vukeni mto hadi bustani ya Mehtab Bagh.

Mkionyeshwa marumaru yenye vito vya kupachikwa, kwaruzeni chini kwa funguo. Marumaru haichuniki kirahisi. Jiwe laini la bandia huacha unga.

Varanasi

Chukueni hoteli karibu na Assi Ghat (ghat ni ngazi za kushukia mto Ganga), ambako gari hukaribia. Hoteli nzuri za katikati ziko ndani ya vichochoro ambamo hata bajaji haiingii, na ngazi za mtoni ni ndefu na kali kwa magoti ya wazee. Mashua ya alfajiri ikodiwe kwa kundi zima, bei ikubaliwe kabla mguu haujaingia, kwa mashua na si kwa kichwa. Jioni kuna ibada ya moto, aarti, Dashashwamedh Ghat. Kuitazama mkiwa ndani ya mashua ni rahisi kuliko kusukumana ngazini.

Manikarnika ni mahali pa kuchomea maiti, na moto wake hauzimwi. Ni msiba wa watu. Simu mfukoni, sauti chini, simameni mbali. Atakuja mtu kusema anaangalia nyumba ya wazee wanaongoja kufa na anaomba mchango wa kuni. Pesa hiyo haifiki kwa kuni. Semeni hapana mara moja, mwondoke.

Asubuhi moja iacheni kwa wafumaji wa hariri wa Madanpura, wengi wao Waislamu wa ukoo wa Ansari, kazi aliyoifanya pia mshairi Kabir katika mji huu huu karne ya 15. Mfumaji huketi miguu ikiwa ndani ya shimo, juu yake kadi zilizotobolewa zikiamua uzi upi uinuke. Sari moja ya mkono huchukua majuma, yenye nakshi nzito miezi. Geuzeni upande wa nyuma: kazi ya mkono ina nyuzi zilizokatika au kurukia, na kingoni kuna vitundu vya pini zilizokinyoosha kitambaa. Mashine za umeme zimewanyang'anya wengi kazi, na dukani sari ya mashine huuzwa kwa jina la mkono.

Karatasi na mambo ya njiani

Viza ya mtandao iombeni kwenye indianvisaonline.gov.in pekee, tovuti za kuigiza ni nyingi na hutoza mara kadhaa ya ada rasmi. Majina yawe kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Bebeni kadi ya chanjo ya homa ya manjano, hasa mkipitia Nairobi au Addis Ababa: India haina mchezo, asiye nayo anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6, na chanjo huhesabiwa kuanzia siku ya 10 baada ya sindano. Kila hoteli lazima iwasajili wageni wa nje kwa Fomu C. Zile za bei ya chini ambazo hazina utaratibu huo zitawakataa mlangoni usiku, kwa hiyo waulizeni kabla.

Tangu Novemba 2024 tiketi za treni hufunguliwa siku 60 kabla. Chukueni daraja la 2A au 3A, mabehewa ya vitanda yenye kiyoyozi, wazee vitanda vya chini. Tiketi iwe imeandikwa CNF, yaani nafasi imethibitishwa. RAC ni kiti cha kugawana na WL ni foleni tu. Saa za tiketi ni za saa 24 za kizungu: 06:00 ni saa 12 asubuhi. Treni nyingine hupumzika siku moja kwa wiki, kama Gatimaan ya Delhi na Agra isiyotembea Ijumaa, kwa hiyo angalieni ya Alhamisi kwenda Varanasi mapema. Maji yawe ya chupa yenye lakiri. Nyama ya ng'ombe hamtaipata, na pakiti yenye alama ya kijani ndani ya mraba haina nyama. Plagi zetu za pini bapa haziingii, nunueni adapta. Watu watawakodolea macho na kuomba picha. Mkichoka, mnaweza kukataa kwa tabasamu.

Kwa wakala wenu andikeni ujumbe mfupi: majina ya hoteli ni yapi, mwongozaji wa kila mji ana kibali cha Wizara ya Utalii ya India au cha jimbo, analipwa kiasi gani na nani, dereva analala wapi na posho yake iko ndani ya bei, kijiji kinaitwaje na nani anatupokea. Ombeni ajibu kwa maandishi kabla hamjalipa arubuni.